Mkeka wa Katikati

Mama Tokie alikiri wizi kabla hajashukiwa na mtu.

Alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi wa kuingilia wa hoteli ya Sazanka, mikono juu ya mapaja, kimono yake ya kazi haina hata kunyanzi. Alisema kwa sauti ileile aliyoitumia miaka thelathini kuwaambia wageni kwamba maji ya kuoga yako tayari. "Bakuli nimelichukua mimi. Hakuna haja ya kuwasumbua wageni."

Inspekta Kuramochi Sayo alikuwa bado anavua viatu. Alibaki na kiatu kimoja mkononi, akimtazama yule mama. Nyuma yake Sajenti Ubukata, ambaye alikuwa amelalamikia magoti yake tangu walipotoka mjini Komatsu, alishusha pumzi ya raha.

"Basi tumemaliza, afande. Chakula cha mchana tutakiwahi nyumbani."

"Hujamaliza hata kuvua viatu," Kuramochi akamjibu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wageni sita wa safari ya kifahari ya majani mekundu walikuwa wamelala Sazanka, katika bonde hili la milima ya Kaga, wakioga maji ya moto ya chemchemi na kulishwa uyoga wa msonobari mpaka wakasahau njia ya kurudi makwao. Jana alasiri mwenye hoteli, Bi Fuwa Misao, aliwaandalia chai katika nyumba ndogo ya chai bustanini, kwa bakuli la ukoo. Bakuli hilo lina jina, Theluji ya Kwanza, na lina umri mkubwa kuliko paa la hoteli. Wageni walikuwa wakilipokezana na kulitazama, kama desturi ilivyo, ardhi ikatikisika. Lilikuwa tetemeko dogo tu, la kugonganisha vikombe. Watu wakatoka nje, wakacheka, wakaenda kuoga. Leo asubuhi Bi Fuwa alifungua sanduku la bakuli akakuta hewa.

Polisi walipopigiwa simu walisema jambo la kawaida, kwamba basi lisiondoke na mizigo ya wageni ikaguliwe. Bi Fuwa alikuwa bado ameshika simu, rangi imemtoka, ndipo Mama Tokie akapiga magoti pale alipo sasa.

"Ulilichukua lini?" Kuramochi aliuliza, akiketi mbele yake.

"Jana, wakati wa chakula cha jioni."

"Kutoka wapi?"

"Ghalani. Ndani ya sanduku lake."

"Na mfuko wake wa hariri?"

"Pamoja na mfuko."

"Ukalipeleka wapi?"

"Kuna mtu alikuwa ananisubiri darajani. Jina lake silijui."

"Kwa nini ulilichukua?"

Hapo Mama Tokie alikwama. Alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Alifikiri, akainamisha kichwa. "Tamaa," alisema, kama mtu aliyechagua kitambaa dukani baada ya kuvikosa vyote alivyovitaka.

Bi Fuwa hakuweza kuvumilia. "Tokie, wewe mgeni akisahau kipande cha sabuni unakifunga kwa karatasi nzuri unampelekea kwa posta. Leo umeingiwa na tamaa gani?"

"Samahani sana, Mama. Nitafunganya vitu vyangu."

"Usifunganye chochote," alisema Kuramochi. "Hakuna anayeondoka hapa, wala basi haliondoki. Mizigo ya wageni isiguswe kwanza."

Aliposema hayo kuhusu mizigo, mabega ya Mama Tokie yalishuka kidogo. Kilikuwa kitu kidogo sana, lakini Kuramochi alilipwa mshahara kwa ajili ya vitu vidogo sana. Alisimama akamwita Ubukata kwa jicho.

"Sasa nini, afande? Tuna mtu aliyekiri."

"Tuna mtu aliyekiri na hatuna bakuli. Nikimpeleka Komatsu sasa hivi, miaka yake thelathini imekwisha mchana huu, na bakuli bado limepotea. Twende jikoni."

"Jikoni," alisema Ubukata, na kwa mara ya kwanza siku ile magoti yake hayakuuma.

Mpishi Dobashi alikuwa mtu mnene mwenye kitambaa kichwani, anayeamini kwamba hoteli nzima ipo ili sahani zake zipate pa kuwekwa. Alikuwa anakata figili nyembamba hata ungeweza kusoma gazeti lililo upande wa pili, na hakuacha kukata kwa ajili ya polisi.

"Jana jioni Mama Tokie alitoka kwa muda?" Kuramochi aliuliza.

"Atoke aende wapi?"

"Darajani."

Kisu kikasimama. "Afande, pale darajani kwa mguu unatoa jasho kwenda na kurudi. Jana vyumba vyake vilikuwa viwili, na kila chumba sahani zake ni kumi, moja baada ya nyingine. Mchuzi wa bata ukitoka mikononi mwangu unaingia mikononi mwake, na unatakiwa kufika unafuka moshi. Ulifika. Nilimuuliza kila alipoleta vyombo vitupu, na kila mara alinijibu."

"Huenda alimtuma mtu."

"Tokie?" Dobashi alicheka puani. "Huyo hamtumi mtu hata kumletea mwavuli. Nani amesema alikwenda darajani?"

"Yeye mwenyewe."

Mpishi aliweka kisu chini kabisa. Alimtazama Kuramochi, akamtazama Ubukata, ambaye alikuwa anatazama figili. "Basi anasema uongo," alisema polepole, "na huyo mama hajui kusema uongo. Hata supu ikiwa na chumvi nyingi ananiambia usoni mwangu."

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye kibaraza Ubukata alihesabu kwa vidole. "Haya. Hakuliiba wakati wa chakula. Kwa hiyo anamficha mtu."

"Amekiri lini?"

"Leo asubuhi."

"Baada ya jambo gani?"

Ubukata alikuwa mzito wa kutembea lakini hakuwa mzito wa akili. "Baada ya sisi kutaja mizigo ya wageni."

"Basi unajua yuko upande gani huyo anayefichwa."

Aliyetokea hapo alikuwa Bwana Nezu, kiongozi wa safari, mwanamume wa makamo mwenye glavu nyeupe na tabasamu la kazini. Alitaka kujua kwa heshima zote kama basi lingeondoka kwa ratiba, kwa sababu mjini Kanazawa kulikuwa na chakula cha mchana kimeagizwa, na mpishi wa huko hakuwa mtu wa kusubiri. Wakati anasema, Ubukata alikuwa anatazama suruali yake. Pindo la mguu wa kulia lilikuwa na vumbi la kijivu, jepesi kama unga.

"Hiyo ni nini?" Ubukata aliuliza.

Nezu alitazama chini. Tabasamu likapungua. "Vumbi tu."

"Ni majivu. Katika nyumba ya chai kuna jiko la mkaa lenye majivu, sivyo? Jana tetemeko lilipopita ulikuwa wapi, Bwana Nezu?"

"Bustanini, na wageni wangu."

"Bi Fuwa anasema aliwatoa wageni mwenyewe na hakukuona," alisema Kuramochi. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo, lakini Nezu hakujua.

Glavu moja ikaanza kuisokota nyingine. Nezu alitazama kushoto na kulia, akasogea karibu na kushusha sauti kama mtu anayetaka kuungama uhaini. "Naomba kampuni isijue."

"Inategemea."

"Nilikuwa hapa hapa, nyuma ya jikoni. Sisi viongozi haturuhusiwi kula chakula cha wageni. Tunakula mkate kwenye basi. Siku zote nawaelezea watu ladha ya samaki wa mtoni wa Kaga, afande, na sijawahi kumwonja hata siku moja. Dobashi alinihurumia, akanichomea mmoja kwenye mkaa wake. Tetemeko lilipokuja nikaruka, nikapiga teke jiko lake la mkaa."

"Na samaki?" Ubukata aliuliza kwa wasiwasi wa kweli.

"Sikumwachia."

Kuramochi alijikaza asicheke. "Unaposimama hapa unaona nini?"

Waligeuka wote watatu. Kutoka pale, kupitia matawi ya miti ya momiji yaliyowaka wekundu, nyumba ya chai ilionekana upande wa mbele, pamoja na kile kimlango chake kidogo ambacho humlazimu mtu kuinama ili apite.

"Niliona wageni wanatoka na Mama Fuwa," alisema Nezu. "Halafu muda ukapita. Mama Tokie akawa anawahesabu watu bustanini, akarudi mbio kule. Alipofika mlangoni Mzee Isogai, mmoja wa wageni wangu, ndio kwanza anatoka. Kwa upole tu, hana hili wala lile. Alikuwa anajipangusa magoti."

"Mikononi alikuwa na kitu?"

"Hakuna. Mikono mitupu."

"Una hakika?"

"Aliinyosha yote miwili Mama Tokie amsaidie kusimama. Yule mama alimshika, akamtazama hapa," Nezu aligusa mkono wa koti lake, pale ambapo kimono huwa na mfuko, "kisha akageuza uso haraka. Nilidhani mzee kajimwagia chai."

Kuramochi alimshukuru. Walipokuwa wanavuka bustani Ubukata alisema, "Mwenye majivu si mwizi, na mwizi hana bakuli. Afande, kesi hii inanitia njaa."

Nyumba ya chai ilikuwa ndogo na safi, na ilinukia moshi wa zamani. Bi Fuwa aliwafungulia, akabaki amepiga magoti kando ya ukuta. Mikeka minne ya tatami, ya nyasi, minene na migumu kama mbao, ilizunguka nusu mkeka mmoja wa mraba katikati. Jiko la kubebeka la kiangazi lilikuwa kwenye kona ya chumba, majivu yamesawazishwa vizuri, na kando yake vijiti viwili vya chuma vya kushikia makaa.

"Nani alisafisha humu jana?"

"Tokie. Mimi nilikuwa nimekimbilia kwenye mitambo ya gesi. Aliniambia kila kitu kimerudi mahali pake, na sanduku lilikuwa ghalani, limefungwa kamba yake. Sikufungua. Tokie akisema jambo sifungui."

"Kwa hiyo aliona bakuli halipo, akafunga sanduku tupu," alisema Ubukata.

Bi Fuwa aliinamisha kichwa. Macho yalimjaa, akayafuta kwa ncha ya kidole kama mtu anayeondoa uchafu.

Kuramochi alianza kutembea. Polisi wenzake humcheka kwa tabia hii. Wengine hupima na kupiga picha kwanza, yeye hutembea kwanza kila mahali ambapo mwenye nyumba angetembea, akiwa na soksi tu. Mkeka wa kwanza, soksi iliteleza vizuri. Wa pili pia. Alipokanyaga ule wa katikati, unyayo ulikwama, kidogo tu, kama unavyokwama kwenye paka uliyempapasa kinyume cha manyoya.

Akarudi nyuma. Akakanyaga tena. Kisha akapiga magoti na kupitisha kiganja.

"Bi Fuwa, mkeka huu uliwekwa lini?"

"Mwezi wa tano, tulipofunga jiko la sakafuni lililo chini yake. Aliuweka fundi mwenyewe. Wiki ijayo tunalifungua, majira ya baridi yanaanza."

"Nyuzi zake huelekea wapi?"

Bi Fuwa alisogea kwa magoti. Aliutazama mkeka aliouona kila siku ya maisha yake ya ndoa, na ilimchukua muda kuuona. Nusu mkeka ni mraba. Unaweza kuugeuza robo na ukaingia vilevile, bila pengo, bila kelele.

"Si hivi," alinong'ona. "Umegeuzwa."

Kuramochi alikuwa tayari ameinua kijiti kimoja cha chuma kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ncha yake kulikuwa kumenasa uzi mmoja wa nyasi, kijani kibichi. Bi Fuwa alinyosha mkono kuushika mkeka, Inspekta akamzuia.

"Usiuguse."

"Lakini kama liko humo chini..."

"Kama liko humo litaendelea kuwa humo. Nikifunua sasa nitapata bakuli, ila Tokie atabaki mtu aliyekiri wizi, na kuna mgeni atakayeitwa mwizi maisha yake yote. Nataka kujua kwanza lilifika humo kwa nia gani."

"Nia iko wazi, afande," alisema Ubukata. "Analificha leo, anarudi kulichukua siku nyingine."

"Anarudi lini? Wiki ijayo jiko linafunguliwa. Huo mkeka utaondolewa na wenye nyumba wenyewe. Anayejua chai anajua hilo kama anavyojua jina lake, na asiyejua chai hawezi kujua kwamba chini ya mkeka huu kuna shimo. Mwizi gani anaficha mali mahali ambapo mwenye mali ataitia mkono baada ya siku chache?"

Ubukata aliutazama upya ule mkeka.

"Huyu hakuwa anaiba," Kuramochi alisema. "Alikuwa anaweka."

Chumba cha Isogai kilitazama mto. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kibaraza, blanketi magotini, akitazama majani yanavyoelea. Mke wake, Bi Fumino, mama mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alikuwa ameketi karibu na sanduku la safari, mkono juu ya mfuniko wake. Alipowaona polisi, mkono ulikaza.

"Mama, sikuja kufungua sanduku," alisema Kuramochi.

"Hamtakuta bakuli humu."

"Najua."

Hilo hakulitarajia. Aliuondoa mkono kwenye mfuniko.

"Nimelitafuta usiku kucha," alisema. "Nimepekua kila soksi. Jana nilikuwa bafuni. Nilimwacha peke yake mara moja tu katika safari hii nzima, kwa sababu alikuwa na wenzake, anafurahi. Jioni nilipokunja kimono yake nikakuta hiki." Alifungua sanduku mwenyewe akatoa, kutoka chini kabisa, mfuko mdogo wa hariri ya zambarau, kamba yake imelegea. "Nilimuuliza bakuli liko wapi. Akaniuliza, bakuli gani."

"Amekuwa hivyo kwa muda gani?"

"Tangu mwaka juzi. Kuna siku ananiita kwa jina langu, kuna siku ananishukuru kwa huduma." Alicheka, na kicheko hakikufika mbali. "Ndiyo maana ya safari hii. Tule vizuri, tuoge maji mazuri, tuone milima, kabla hajaondoka kabisa akiwa bado amekaa pale. Watoto walisema ni upuuzi. Mimi sikujali. Naomba usimpeleke popote, Inspekta. Kama kuna wa kupelekwa, mfuko ulikuwa kwangu."

"Huyo ni wa pili leo," Ubukata alinung'unika. "Hoteli hii watu wanagombea kufungwa."

Kuramochi aliuchukua mfuko. "Ni nani aliyeichagua Sazanka? Wewe au yeye?"

"Yeye. Kulikuwa na safari nyingi nzuri. Alizisoma zote, akaweka kidole kwenye picha ya hoteli hii, akakataa kukitoa."

"Aliwahi kuishi huku?"

"Alizaliwa katika bonde hili. Zaidi ya hapo hakunisimulia sana. Baba yake alikuwa mchoma mkaa, walikuwa maskini, aliona haya mbele ya wazazi wangu. Isogai ni jina la kwetu, unajua. Kwetu hakukuwa na mtoto wa kiume, akaoa akachukua jina letu."

"Yeye alikuwa nani kabla ya hapo?"

"Kamegai. Kamegai Shohei."

Mlango wa karatasi ulikuwa wazi, na Bi Fuwa alikuwa nje yake, kwa adabu, pale mwenye nyumba anapotakiwa kuwa. Waliisikia pumzi yake ikikatika.

"Mama mkwe wangu alikuwa akimtaja mtoto wa Kamegai," alisema. "Mama yake alifariki, baba yuko mlimani na mkaa, basi bibi mkubwa wa nyumba hii akamlea jikoni. Alikuwa akimfagilisha nyumba ya chai. Sho, walimwita. Aliondoka akiwa kijana kutafuta maisha."

Kuramochi alisimama. "Bi Fuwa, mwite Tokie. Na utuchemshie maji, kama vile jana."

Waliingia mmoja mmoja kwa kile kimlango. Mzee Isogai aliinama bila kuambiwa, akapita kama maji, akaenda kukaa mahali pake pa jana. Bi Fumino alikaa nyuma yake. Ubukata alikunja magoti kwa shida, akimlaani kimoyomoyo aliyebuni mlango ule. Mama Tokie aliingia wa mwisho, akakaa karibu na mlango, na alipomwona mzee mbele ya polisi uso wake ukawa wa majivu.

"Afande, nilishakuambia ni mimi."

"Nimekusikia, Mama Tokie. Tulia."

Bi Fuwa alikoroga chai katika bakuli la kawaida, akampa mzee. Mzee alilizungusha kiganjani, akanywa, akalipangusa mdomo. Mikono yake ilikuwa haina shaka na jambo lolote. Kuramochi alingoja amalize, akamsogelea na kuweka mbele yake mfuko wa zambarau.

"Mzee Sho," alisema kwa sauti ya chini, "ardhi inatikisika."

Mama Tokie alishika mdomo wake.

Mzee alimtazama Kuramochi. Kisha akatazama bakuli mikononi mwake, na uso wote ukabadilika, ukawa wa mtu mwenye kazi. "Tokeni nyie," alisema, kwa amri, na lafudhi ya bondeni ambayo mke wake hakuwahi kuisikia. "Nendeni bustanini. Mimi naweka bakuli."

Hakuna aliyetoka. Hakuwajali. Alilitia lile bakuli la kawaida katika mfuko wa hariri, akauona umelegea, akalitoa tena, akaukunja mfuko na kuusukuma ndani ya mkono wa kimono yake. Halafu akavuta kijiti cha chuma, akakichomeka kwenye ukingo wa mkeka wa katikati pale penye mwanya mdogo, akalala nacho kwa uzito wa kifua. Mkeka uliinuka. Ubukata alisahau magoti yake akaruka kusaidia, mzee akampiga kofi mkononi. "Usiukunje, wewe."

Chini yake kulikuwa na shimo la mraba la udongo, jiko la sakafuni lililolala tangu mwezi wa tano, na majivu ya zamani, laini, yamesawazishwa. Katikati ya majivu, limekaa wima kama yai kwenye kiota, lilikuwa Theluji ya Kwanza.

Mzee alilitazama. Alitazama bakuli jingine lililokuwa mkononi mwake, kisha lile la shimoni tena, na kwa mara ya kwanza akaonekana hana uhakika. Alinyanyua macho, akawatafuta watu wa chumba kile, akatua kwa Bi Fuwa na kimono yake ya mwenye nyumba.

"Bibi," alisema, "nimeshaliweka. Sikukimbia. Ulisema bakuli kwanza, halafu ndio mimi. Sikukimbia."

Bi Fuwa hakuwa yule bibi, wala hakuwahi kumwona. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Umefanya vizuri, Sho," alisema. "Ahsante sana."

Bi Fumino alikuwa analia waziwazi, bila kitambaa. Mama Tokie alikuwa bado ameshika mdomo. Aliposhusha mkono alisema, si kwa mtu yeyote, "Mimi nilimwona na kamba ya mfuko. Nikajua ameliiba. Mzee wa watu aliyefika kwetu kwa furaha, na mimi nikajua ameliiba."

"Na ukaamua kufungwa badala yake," alisema Kuramochi.

"Alikuwa mgeni wangu, afande."

"Kumdanganya polisi ni kosa. Nitalifikiria kosa hilo nikiwa na nafasi, na mwaka huu nina kazi nyingi." Aligeuka. "Sajenti, kamwambie Bwana Nezu apige simu Kanazawa. Basi litachelewa. Na mwambie Dobashi amchomee samaki mwingine, mzima, aketi chini amle kama mtu."

"Na mimi?"

"Wewe umepigwa kofi na mtuhumiwa. Nenda kajiuguze jikoni."

Bi Fuwa alilitoa bakuli kwa mikono miwili, akapuliza majivu. Halikuwa na ufa. Alisema kwamba kwa kuwa jiko limeshafunguliwa basi limefunguliwa, wiki moja si kitu, na majira ya baridi ya Sazanka yangeanza leo. Mama Tokie alikwenda kuleta mkaa. Aliupanga yeye mwenyewe kwenye lile shimo, Mzee Isogai akimwelekeza kwa kidole kipande kipi kiende wapi, na kila alipokosea mzee aliguna.

Maji yalipoimba Bi Fuwa alikoroga chai nzito ya kijani katika Theluji ya Kwanza. Mama Tokie ndiye aliyelibeba, akaliweka mbele ya mzee na kuinama. Mzee alilichukua. Alilizungusha kiganjani, akalitazama kwa ndani, kwa nje, kwenye kitako, na ile kazi ilikuwa imeshamtoka usoni. Alikuwa tena mgeni wa safari ya kifahari, aliyepewa kitu kizuri.

"Bakuli zuri hili," alimwambia. "La nani?"

"La nyumba hii, mzee," alisema Mama Tokie. "Wewe ndiye mtunzaji wake."

Alilifikiria hilo. Kisha akanywa chai yake yote.